Rubani anaposema «nimechoka»: sheria inamlinda, lakini mkubwa wake wa kazi je?

Katika nchi nyingi, sheria ya usafiri wa anga iko wazi: rubani aliyechoka hana ruhusa ya kuendesha ndege, na kampuni haina ruhusa ya kumlazimisha. Sheria hiyo iliandikwa kisha watu wengi kufa. Lakini kati ya maandishi ya sheria na kiti cha rubani kuna mtu ambaye hatajwi sana: mkubwa wa kazi, yule anayepigiwa simu saa kumi usiku na kuambiwa kwamba safari ya asubuhi haina rubani. Jibu atakalotoa, na barua atakayoandika kesho yake, ndilo litakaloamua kama rubani wa pili, wa tatu na wa kumi watathubutu kusema ukweli.

Ndiyo maana, katika sekta hii, masaa ya kupumzika na adhabu za kazini ni jambo moja. Historia ya miaka 30 iliyopita inaonyesha kwamba nchi iliyoshughulikia la kwanza na kusahau la pili ilipata sheria nzuri isiyotumiwa.

Buffalo, mwaka 2009

Siku ya Alhamisi tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ya Colgan Air, aina ya Bombardier Q400, iliondoka Newark, karibu na New York, kuelekea mji wa Buffalo nchini Marekani. Kisha saa nne na robo usiku, ikiwa imebakiza dakika chache kutua, ilianguka juu ya nyumba katika kijiji cha Clarence Center. Watu wote 49 waliokuwa ndani ya ndege walikufa, pamoja na mtu mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo.

Baraza la taifa la usalama wa usafiri la Marekani, NTSB, lilichunguza ajali hiyo kwa mwaka mmoja. Liligundua kwamba ndege ilipunguza mwendo kupita kiasi bila marubani kuona. Usukani ulipotetemeka kuwaonya, rubani mkuu aliuvuta kwake, wakati alipaswa kuusukuma mbele ili ndege ipate mwendo. Ndege ikapoteza nguvu ya kubebwa na hewa, ikaanguka. Kosa hilo la rubani ndilo lililoandikwa kama chanzo cha ajali.

Hata hivyo, uchunguzi ulifungua mlango mwingine. Rubani mkuu alikuwa amelala usiku wa kuamkia siku hiyo katika chumba cha wafanyakazi kwenye uwanja wa Newark. Rubani msaidizi alikuwa akiishi karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Alisafiri usiku kucha kwa kuomba nafasi katika ndege za mizigo kupitia Memphis, akafika Newark asubuhi na kujinyoosha katika chumba hicho hicho. Sauti zilizorekodiwa katika chumba cha marubani zilionyesha kwamba alijisikia mgonjwa. Alimueleza mwenzake kwamba kama angejisikia hivyo akiwa nyumbani asingekuja, lakini sasa amekwisha kufika, na akisema ni mgonjwa itabidi atafute hoteli mpaka apone.

Kwa maandishi, kila kitu kilikuwa sawa. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumruhusu rubani akatae safari kwa sababu ya uchovu. Ilikuwa pia imeandika kwamba chumba cha wafanyakazi hakifai kulalwa usiku. Lakini kati ya marubani 137 waliokuwa na kituo chao Newark, 93 walikuwa wakiishi mbali na kusafiri ili kufika kazini. Tangazo lililobandikwa ukutani liliwaambia mahali wasipopaswa kulala. Halikuwaambia walale wapi kwa mshahara waliokuwa nao.

Mwishoni, NTSB ilisema kwamba inaelekea uchovu uliathiri kazi ya marubani wote wawili, lakini haikuweza kupima ni kwa kiasi gani, kwa hiyo haikuuweka kati ya sababu za ajali. Mwenyekiti wa baraza hilo wakati huo, Deborah Hersman, hakukubaliana na wenzake. Aliandika maoni yake kando, akisema uchovu ulipaswa kutajwa.

Ugonjwa usio na kipimo

Ugumu huo wa NTSB ndio ugumu wa jambo lote. Mwaka 1997, watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa masaa 17 anafanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi kinamzuia dereva kushika gari. Mwili pia una saa yake ya ndani. Kati ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi, akili inazama hata kwa mtu aliyelala mchana. Aliyechoka husahau hesabu ndogo, hukazia macho kifaa kimoja na kuacha vingine, na mara nyingi ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka.

Pombe inapimwa kwa kupuliza kifaa. Uchovu hauna kifaa cha namna hiyo mlangoni mwa ndege. Njia pekee ya kuujua kabla ya safari ni kinywa cha rubani mwenyewe. Akifunga kinywa kwa kuogopa barua ya onyo, kukatwa mshahara ama kunyimwa cheo, hakuna mtu mwingine atakayejua.

Tarehe 18 Agosti 1993, ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo, nchini Cuba. Watu watatu waliokuwa ndani waliumia lakini walipona. Walikuwa wamekaa kazini karibu masaa 18. Hiyo ndiyo ajali ya kwanza ambayo NTSB iliandika wazi kwamba uchovu wa marubani ni kati ya vyanzo vyake. Kabla ya hapo, neno lililozoeleka katika ripoti lilikuwa «kosa la rubani», na faili ikafungwa.

Sheria mpya na mlango uliobaki wazi

Familia za waliokufa Buffalo hazikukaa kimya. Zilikwenda Bungeni mjini Washington mara nyingi, zikiwa na picha za ndugu zao. Mwezi wa Agosti 2010 sheria ilitiwa sahihi, na kutokana nayo idara ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilitoa kanuni mpya zilizoanza kutumika tarehe 4 Januari 2014.

Kanuni hizo zinasema rubani apate angalau masaa 10 ya mapumziko kabla ya zamu, na ndani yake nafasi ya kulala masaa 8 bila kukatizwa. Apate masaa 30 mfululizo ya kuwa huru katika kila juma. Zamu yake iwe kati ya masaa 9 na 14, kufuatana na saa aliyoanzia na idadi ya safari atakazoruka siku hiyo, kwani kutua mara sita kunachosha kuliko kutua mara moja. Asiruke zaidi ya masaa 1000 katika siku 365.

Kipengele chenye uzito zaidi hakina hesabu. Kinafunga pande zote mbili kwa pamoja: rubani akisema amechoka kiasi cha kutoweza kazi, yeye haruhusiwi kupokea safari, na kampuni hairuhusiwi kumpa. Na kabla ya kila safari, rubani anathibitisha kwa maandishi kwamba yuko tayari.

Lakini kanuni hiyo iliacha ndege za mizigo nje. Mwaka wa 2013, kabla hata haijaanza kutumika, pengo hilo lilionekana. Tarehe 14 Agosti, karibu saa kumi na moja alfajiri, ndege ya UPS aina ya Airbus A300 ilianguka ikikaribia uwanja wa Birmingham, katika jimbo la Alabama. Marubani wote wawili walikufa. Sauti zilizorekodiwa zilionyesha kwamba kabla ya kuruka walikuwa wakizungumza juu ya uchovu na juu ya kanuni mpya ambazo hazitawahusu wao wanaobeba mizigo. NTSB ilitaja uchovu wa rubani msaidizi kati ya mambo yaliyochangia ajali, ikisema pia kwamba hakuutumia vizuri muda wake wa mapumziko. Hakuna kati yao wawili aliyeita kampuni na kusema: siwezi.

Kisa hiki kinaonyesha pande zote mbili za mizani. Rubani naye ana deni. Akipewa masaa 10 ya kupumzika na kuyatumia kwa mambo mengine, kampuni haiwezi kumlalia usingizi.

Dakika 28 juu ya Indonesia

Tarehe 25 Januari 2024, ndege ya Batik Air aina ya Airbus A320 ilikuwa ikitoka Kendari kuelekea Jakarta, ikiwa na abiria 153. Marubani wote wawili walilala usingizi kwa wakati mmoja, kwa muda wa dakika 28. Waongozaji wa ndege waliita bila kujibiwa. Rubani mkuu alipoamka aliona ndege imeacha njia yake, akamwamsha mwenzake, wakairudisha. Walitua salama na hakuna aliyeumia. Wachunguzi waligundua kwamba rubani msaidizi hakuwa amelala vya kutosha. Alikuwa baba wa mapacha wachanga, na wakati huo alikuwa akihamia nyumba nyingine.

Ripoti ilipotoka, kampuni iliwasimamisha kazi kwa muda marubani wote wawili. Serikali ya Indonesia, kwa upande wake, iliikaripia kampuni na kutangaza uchunguzi juu ya namna makampuni yanavyosimamia uchovu wa marubani wanaoruka usiku.

Kuwasimamisha marubani kunaeleweka: abiria wanataka kuona hatua imechukuliwa. Lakini swali la haki linabaki. Je, baba huyo wa watoto mapacha alijua kwamba angeweza kusema «leo siwezi» bila kupoteza kitu? Kama alijua na hakusema, ana kosa. Kama aliogopa, adhabu yake peke yake haiponyi kitu, kwani rubani mwingine atakayekaa kwenye kiti kile atakuwa na hofu ile ile.

Haki kazini maana yake nini

Katika usafiri wa anga kuna msemo unaotumiwa sana siku hizi: utamaduni wa haki. Umoja wa Ulaya umeuweka katika sheria yake namba 376 ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Novemba 2015. Maana yake ni rahisi. Mfanyakazi haadhibiwi kwa tendo ama uamuzi unaolingana na mafunzo na uzoefu wake. Lakini uzembe mkubwa, kuvunja kanuni kwa makusudi na uharibifu havivumiliwi.

Kwa hiyo haki hiyo haimaanishi msamaha kwa wote. Inamaanisha kuchunguza kwanza, kisha kuhukumu. Mtaalamu Mwingereza James Reason alisaidia kueneza swali moja ambalo mkubwa wa kazi anapaswa kujiuliza kabla ya kushika kalamu: kama tungemweka mfanyakazi mwingine mwenye mafunzo yale yale katika hali ile ile, je, naye angefanya vile vile? Jibu likiwa ndiyo, tatizo liko katika ratiba, katika mafunzo ama katika vifaa.

Kwa rubani aliyekataa safari, maswali mengine yanafuata. Ratiba yake ya siku saba zilizopita ilikuwaje? Alipangwa kuruka usiku mara ngapi? Hoteli aliyowekwa ilikuwa na kelele? Wenzake waliopangwa katika ratiba hiyo hiyo walilalamika pia? Kama watu kumi wamelalamika juu ya safari moja, kuwaandikia barua kumi za kuomba maelezo ni kupoteza karatasi. Inayopaswa kutoa maelezo ni ratiba.

Kitu kingine ni kutenganisha masikio na mkono unaoadhibu. Marekani ilianza mwaka 1976 mfumo wa ripoti za siri unaoendeshwa na NASA, shirika la anga za juu, ambalo halina mamlaka ya kumpokonya rubani leseni. Rubani anayeeleza ndani ya siku 10 kosa alilofanya bila kukusudia anaweza kuepushwa adhabu ya FAA. Kosa la jinai na ajali haviingii katika kinga hiyo. Kwa njia hiyo watu wamekuwa wakisema mambo ambayo hakuna mkaguzi angeyaona.

Upande wa makampuni

Wakubwa wa makampuni nao wana hoja, na si za kupuuza. Rubani mmoja akikataa safari dakika ya mwisho, abiria zaidi ya mia wanabaki uwanjani, hoteli inalipwa, na safari tatu zinazofuata zinachelewa. Kuna pia hofu ya udanganyifu: anayetaka kubaki nyumbani siku ya sikukuu anaweza kusema amechoka, na hakuna kipimo cha kumkanusha.

Mfano wa India unaonyesha uzito wa jambo hilo. Nchi hiyo haijasahau tarehe 22 Mei 2010, wakati ndege ya Air India Express kutoka Dubai ilipopita mwisho wa barabara ya kutua Mangalore na kutumbukia bondeni. Watu 158 walikufa, 8 wakapona. Wachunguzi walisikia katika rekodi mkoromo wa rubani mkuu, aliyelala zaidi ya saa moja na nusu ya safari. Alipoamka aliteremsha ndege vibaya, na ingawa msaidizi wake alimwambia zaidi ya mara moja apande tena, aliendelea.

Mwezi wa Januari 2024, India ilitangaza kanuni mpya: mapumziko ya juma yaongezwe kutoka masaa 36 hadi 48, na kutua usiku kupunguzwe sana. Makampuni yalilalamika, tarehe ikasogezwa, na kanuni zikaingia kwa hatua mbili, Julai na Novemba 2025. Mwanzoni mwa Desemba 2025, IndiGo, kampuni kubwa kuliko zote nchini humo, haikuwa na marubani wa kutosha kwa ratiba iliyojipangia. Safari maelfu zilifutwa kwa siku chache, na abiria wakalala chini viwanjani. Serikali ilirudi nyuma na kuipa kampuni hiyo nafuu ya muda hadi Februari 2026.

Somo liko wazi. Kampuni ilikuwa na karibu miaka miwili ya kuajiri na kujipanga. Haikufanya hivyo vya kutosha, na aliyelegezewa kanuni ni yeye. Rubani mmoja anayechelewa kazini kwa saa moja hapati nafuu ya miezi miwili.

Kuhusu udanganyifu, dawa yake ipo na haihitaji kutisha watu wote. Kampuni inaweza kuangalia rekodi kwa mwaka mzima. Anayechoka kila mwezi siku ya sikukuu atajionyesha mwenyewe, ataitwa, atasikilizwa, na akikosa maelezo ataadhibiwa kwa udanganyifu. Hataadhibiwa kwa uchovu.

Na huku Kongo?

Kwa wakaaji wa mashariki ya Kongo, ndege si usafiri wa matajiri peke yao. Mahali ambapo barabara imekatika ama haina usalama, ndege ndiyo inayoleta dawa, chumvi, mitihani ya watoto na mgonjwa anayehitaji upasuaji. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwezi wa Januari 2025, kila mtu aliona maana ya kukosa njia ya anga. Ndege ndogo zinazofanya kazi hiyo hutua mara nyingi kwa siku, na kila kutua ni kazi.

Kongo ni mwanachama wa OACI, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambalo linadai kila nchi iweke mipaka ya masaa ya kuruka, ya zamu na ya kupumzika. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeweka makampuni ya Kongo katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na sababu inayotajwa ni udhaifu wa serikali katika kuyasimamia. Karatasi zipo. Kinachoulizwa ni nani anayezisimamia.

Juu ya adhabu kazini, Kongo haianzi sifuri. Mwaka 1987 iliridhia mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, OIT, unaosema mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu ya mwenendo ama kazi yake kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inadai mfanyakazi mwenye mkataba usio na kikomo asifukuzwe bila sababu ya kweli, na inaweka mpaka wa kawaida wa masaa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Barua ya kuomba maelezo, ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaijua na kuiogopa, kwa asili yake ni nafasi ya kusikilizwa. Inageuka kuwa fimbo pale tu mkubwa anapokuwa amekwisha kuamua kabla ya kusoma jibu.

Jambo hili linawafikia pia watu wasioruka: muuguzi anayekesha usiku wa tatu mfululizo, dereva wa lori kati ya Kasindi na Butembo, mlinzi wa usiku anayefunguliwa zamu ya mchana. Wote wanashika uhai wa wengine, na wote wanafikiri mara mbili kabla ya kumwambia mkubwa kwamba wamechoka.

Kwa makampuni ya ndege, kuna kipimo kimoja ambacho mkaguzi yeyote anaweza kukitumia bila kifaa cha bei kubwa. Aombe daftari la ripoti za uchovu za mwaka mzima, na barua zote za adhabu za mwaka huo huo. Ayasome pamoja. Akikuta ripoti nyingi na ratiba zilizorekebishwa, yuko katika kampuni ambayo watu wanasema. Akikuta daftari tupu, asifurahi haraka. Marubani wanaoruka alfajiri na kutua mara sita kwa siku hawakosi kuchoka mwaka mzima, na daftari tupu linamwambia tu kwamba hakuna aliyethubutu kuandika.